Mtani wa Bi Mkubwa

Baba mkwe wangu alipofariki, mtu wa kwanza kufika nyumbani alikuja kumcheka. Alikuwa mwanamke mtu mzima, muuza maandazi, na habari ilimkuta njiani na kapu lake kichwani. Akalitua kapu ukumbini, akaingia chumbani kwa marehemu bila ya kubisha hodi, akatoka amevaa koti lake la kazi, kofia yake, na miwani yake iliyofungwa uzi. Akaketi kwenye kiti chake. Akakohoa kile kikohozi chake cha asubuhi. Kisha akauliza, kwa sauti ya puani ambayo tulidhani imeshaondoka duniani, chai iko wapi, au wanawake wa nyumba hii wamekufa wote.

Mimi nilikuwa katikati ya kilio. Kilio kikageuka kicheko na sikuweza kukirudisha. Mama mkwe, ambaye tangu alfajiri alikuwa hajatoa neno, akamjibu yule mwanamke kwa hasira za kweli kwamba chai haijachemka na asimsumbue. Alipotambua amemjibu nani, akacheka, akalia, akacheka tena. Nadhani huzuni yake ilianza kupungua saa ile ile, hata kabla maiti hajaoshwa.

Kwa asiyejua utani, hebu nieleze. Mimi na mume wangu asili yetu ni Wanyamwezi. Babu zetu walifika Unguja na mizigo ya watu mabegani, wakabaki. Yule mwanamke alikuwa Mzaramo. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na sababu yake kila mzee anayo ya kwake: huyu atakwambia ni vita, yule atakwambia ni njia za misafara. Lililo kubwa ni kwamba mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Una ruhusa moja tu, ya kumrudishia. Na ruhusa hiyo haimaliziki mtu anapokufa. Msibani ndipo inapokolea.

Jeneza lilipotaka kutoka, mtani wetu akajilaza mlangoni, kizingiti chote, na koti la marehemu mwilini. Baba mkwe alikuwa mchukuzi bandarini tangu ujana wake. "Mshusheni," alisema yule mwanamke. "Huyu kabeba mizigo ya watu umri wake wote, leo anabebwa yeye, anaona haya. Anataka kushuka atembee." Hakuondoka mpaka alipopewa kile kiti. Maalim aliyekuja kumsalia maiti alikuwa akitazama boriti za dari kwa subira kubwa, midomo ikimtetemeka, na mpaka leo sijui kama ilikuwa ni dua au kicheko. Watu wakamzika mzee wakiwa na nyuso za watu waliotoka harusini.

Nyumba yenyewe ilikuwa Mji Mkongwe, upande wa Kiponda, na haikuwa yetu. Sisi tulitoka Ng'ambo, kwenye nyumba ya udongo iliyovuja kila masika, na baada ya Mapinduzi tukagaiwa vyumba vya juu katika nyumba ya ghorofa yenye mlango wa kuchonga. Mwenyewe wa zamani alikuwa ameshafariki. Mjane wake, mwanamke wa Kiarabu tuliyemwita Bi Mkubwa kama kila mtu alivyomwita, aliachiwa vyumba viwili vya chini, kando ya ua. Binti zake wawili waliondoka na waume zao mwaka ule ule wa 1964, wakaishia Maskati. Yeye alikataa kwenda. Alisema hawezi safari ya bahari, naye alikuwa amezaliwa hatua chache kutoka bandarini.

Tuliishi pamoja kwa adabu na kwa kinu. Adabu ilikuwa asubuhi: shikamoo Bi Mkubwa, marahaba. Kinu kilikuwa jioni, maana mimi nilitwanga juu na yeye alikuwa chini, na kila nikitwanga alipiga dari kwa mpini wa fagio na kuuliza, "Mnatwanga nini, mawe?" Nilimwogopa kidogo na nilimchukia kidogo, na nadhani naye alinichukulia hivyo hivyo. Ungeniambia wakati ule kwamba nitakuja kumpenda, ningekutazama mara mbili.

Matanga ya mzee yalipokwisha akaniita chini. Nilidhani ni habari ya kelele. Nikamkuta amekaa juu ya jamvi, na mbele yake pana kasha wazi. Ndani ya kasha mlikuwa na sanda yake imekunjwa vizuri, pamba, karafuu maiti, udi, na chupa ya marashi. Kasha lile tulilijua nyumba nzima. Kila mwezi wa Shaabani aliianika sanda juani ua mzima ukanuka udi, na kwa kuwa nguo siku zile zilikuwa adimu, mume wangu alikuwa na desturi ya kusimama dirishani akikadiria kwamba bafta ile ingetoa kanzu mbili na kofia.

"Yule mwanamke wa maandazi," alisema Bi Mkubwa, "nimemtazama kwenye ufa wa mlango. Yale aliyoyafanya ni kufuru."

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Na marehemu alijua kama atafanyiwa vile?"

Nikamwambia alijua. Walikuwa wakitishana kila asubuhi: yeye akimwambia mzee kufa nikuvae koti, mzee akimwambia tangulia wewe nikale maandazi yako ya hitima.

Bi Mkubwa akawa anaifunga chupa ya marashi ambayo ilikuwa imeshafungwa. "Basi kafa anajua," alisema. "Mie hapa kila kitu n'nacho. Sanda n'nayo, udi n'nao. Lakini nani atanivaa?"

Akaendelea mwenyewe, bila ya kunitazama. Walioujua ujana wake wamekufa au wamehama. Dada zake, Mombasa. Wanawe, Maskati. Ataoshwa na watu wasiomjua, atasomewa hitima na watu wasiomjua, watakunywa kahawa na kusema alikuwa mtu mwema, mtu wa watu. "Na mie sikuwa mtu mwema," alisema. "Mie n'na visa vyangu. Vile visa vyangu vinakwenda wapi?"

Nilipanda juu nikiwa nimekasirika, kwa sababu mtu uliyezoea kumchukia hapaswi kukwambia maneno kama yale bila ya kukupa taarifa.

Nikamleta mtani wetu. Alikuja asubuhi na kapu lake, akakaa ukingoni mwa kisima cha uani, akasikiliza maombi, akakataa. Utani hauombwi, alisema. Mtu anazaliwa nao. Mzaramo na Mwarabu hawana utani, wana ujirani, nao siku hizi wenyewe una mashaka. "Na jingine, Bibi, usinune. Mie nikikucheka, watu watasema nakucheka kama wanavyokucheka wale."

Alikuwa na haki. Miaka ile watu wa asili ya Bi Mkubwa walikuwa wakichekwa wazi, sokoni, mikutanoni, na watoto wadogo njiani. Nimesikia na mimi nikapita. Hakuna aliyeuita utani.

Bi Mkubwa akasema, "Wale wananicheka na mie siruhusiwi kuwajibu. Wewe nitakujibu."

Yule mwanamke akamtazama kwa muda, kama anayepima unga. "Haya. Nijibu."

Bi Mkubwa akajiweka sawa. Akafikiri. Alikuwa mtu aliyelelewa kutomtukana hata paka. "Maandazi yako," alisema hatimaye, "iliki haitoshi."

"Hilo si tusi, Bibi. Hiyo biashara."

Hivyo ndivyo masomo yalivyoanza. Kila siku mauzo yalipokwisha, mtani wetu alipita uani, akanywa kahawa, akala tende za Bi Mkubwa, na kumfundisha kutukana. Ilikuwa kazi ngumu kuitazama. Mwanafunzi alianza kila tusi kwa "samahani", na akimaliza alimuuliza mwalimu kama ameumia. Mwalimu hakuwa na huruma. Alimwita Mmanga, akamwambia amekaa juu ya jamvi miaka yote akingoja dunia imletee kahawa, na dunia imeleta Wanyamwezi na kinu. Mimi niliyekuwa nikikosha vyombo niliinamisha kichwa. Neno lile Mmanga nilikuwa nimelisikia likisemwa njiani na watu wenye mapanga. Hapa lilisemwa na mtu mwenye kikombe mkononi, akangoja jibu.

Jibu lilichelewa miezi. Halafu asubuhi moja mtani anaingia, kapu kichwani, amenenepa kidogo baada ya mwezi wa Ramadhani, na Bi Mkubwa akamwambia kutoka dirishani, uchochoro mzima unasikia: "Wee Mzaramo, kapu ndilo lililokuja na wewe, au wewe ndiye uliyekuja na kapu? Maana mie hapa sioni tofauti."

Yule mwanamke akatua kapu chini ili acheke vizuri. "Huyu keshaiva," aliniambia. Bi Mkubwa alifunga dirisha upesi. Nilipoingia kwake nilimkuta anatetemeka kwa furaha na fedheha, na anataka kujua kama majirani wa mkabala wamesikia.

Baada ya hapo hakutosheka. Alitaka kujua kama mtani wake atamweza. "Nitajuaje? Hebu nicheze nikuone." Mtani akasema mtu aliye hai hachezwi, si desturi. Bi Mkubwa akafikiri kidogo, akasema kwa ukarimu mkubwa, "Basi nitakufa kidogo."

Akafa Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri. Alitaka kitanda chake kitolewe uani, akajilaza, akajifunika kanga mpya. Sanda alikataa, alisema itachafuka. Wanawake wa nyumba yetu walikuwepo, na wa nyumba za jirani, na kila aliyeingia alipewa sharti moja. Lazima amwigize marehemu, na lazima aseme juu yake neno la kweli lisilokuwa zuri. Mema, alisema maiti kutoka chini ya kanga, mtayasema siku yenyewe, wala hayatakuwa na maana.

Mimi nilitangulia. Nikachukua mpini wa fagio nikagonga hewa na kusema, "Mnatwanga nini?"

"Sivyo," alisema maiti. "Mie nasema, mnatwanga nini, mawe. Usinipunguzie."

Nikarudia. Watu wakaangua kicheko. Jirani mmoja akaonesha jinsi Bi Mkubwa anavyomwonja samaki wa mtu kwa macho, mlangoni, bila ya kumgusa, na kumpa mwenyewe salamu za rambirambi. Mwingine akamwigiza anavyompa mgeni kahawa, kikombe nusu, akisema kahawa nyingi inaharibu moyo. Maiti alikuwa akisahihisha kila kitu. Sauti iwe juu zaidi, mkono uwe wa kushoto, na hapo huwa napumua kwanza. Sijapata kuona mtu aliyeufurahia msiba wake kiasi kile.

Halafu likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Yule jirani wa samaki akasema, naye anataka kulala pale. Bi Mkubwa akainuka kumpisha, kwa uchungu kidogo. Jirani akajifunika, na sisi tukamsema: mchoyo wa ndimu, mnafiki wa salamu, anaimba vibaya akidhani yuko peke yake. Akatoka chini ya kanga macho yamelowa, anacheka, akasema hajawahi kusikia watu wakimsema sana namna ile. Ikawa kila mtu anataka zamu yake. Siku zile tulikuwa watu wa foleni: foleni ya mchele, ya sukari, ya sabuni. Tukaona si vibaya tukapanga na foleni ya kufa.

Zamu yangu ilipofika nilijidai naifanya kwa mchezo tu. Lakini kanga ikishakufunika uso, hewa inakuwa nzito na sauti za watu unaowajua zinakuwa mbali, na kwa muda mfupi niliogopa kweli, nikataka kupiga kelele kwamba bado nipo. Nikawasikia wanasema mimi ni mkali, sikubali kosa, napika wali mzuri na kuuharibu kwa masimango. Mmoja akaigiza ninavyotembea, kisigino kwanza, kama ninayeidai ardhi. Woga ukanitoka pale pale. Nikawaza, kumbe wananiona. Sijui kwa nini hilo lilinitosha, lakini lilinitosha kwa siku nyingi.

Nilikuwa bado nafuta jasho wakati mjumbe wa tawi alipotokea mlangoni. Alikuwa fundi cherehani, mtu mnene mwenye wasiwasi, na alikuwa amesikia kuna mkusanyiko. Bi Mkubwa alikuwa ameshakirudia kitanda chake. Mjumbe akavua kofia alipoona umbo limefunikwa, akashusha sauti akauliza, "Kafa nani?"

"Mie," alisema Bi Mkubwa.

Mjumbe akashika nguzo. Alipopata pumzi akasema mikusanyiko inataka kibali. Bi Mkubwa, bila ya kujifunua, akamwambia maiti hana haja ya kibali cha mtu, na kama anataka kahawa akae, ila akikaa lazima aseme ubaya wa marehemu kama wenzake. Tulidhani ataondoka akalete watu. Yule bwana akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kwa kuwa ndicho kiti kilichobaki, akafikiri sana.

"Nilipokuwa mtoto," alisema, "nilipita hapa na kipande cha muwa. Ukanifukuza barazani. Ukasema n'tachafua ukuta."

"Ukauchafua?"

"Naam."

"Basi nilikuwa na haki," alisema maiti, na mjumbe akacheka mpaka mbuzi ikamchoma. Alikunywa vikombe vitatu, vya nusu nusu. Habari ya kibali haikutajwa tena.

Mtani mwenyewe alingoja mpaka mwisho. Akaingia chumbani, akatoka amevaa buibui la Bi Mkubwa, na hata kabla hajafungua mdomo watoto walikaa sawa. Alikuwa na bega lake, shingo yake, ile namna ya kulishika buibui kwa vidole viwili. Akatukoromea. Akaipima kahawa. Akauliza kama mawe yameiva. Tulicheka mpaka mbavu zinauma.

Kisha akaacha maneno. Akatembea polepole mpaka mlango mkubwa wa nje, kama Bi Mkubwa anavyokwenda kila siku kabla ya magharibi. Akainua komeo. Akafungua mlango kidogo, akatoa kichwa, akatazama kushoto, akatazama kulia, akakaa hivyo. Akarudi ndani, akasema taratibu, bila ya kumwambia mtu, "Nimefungua hewa iingie."

Hakuna aliyecheka. Kila mtu pale alikuwa ameshamwona akifanya hivyo, miaka yote ile, na kila mtu alikuwa amejifanya anaamini habari ya hewa. Mimi nilitazama kanga iliyomfunika na nikaona haiendi juu wala chini. Nilimchukia mtani kwa muda ule. Nilihisi amekwenda mbali mno, amechukua kitu ambacho mwenyewe hakukitoa.

Sauti ikatoka chini ya kanga. "Sianzi kushoto," alisema Bi Mkubwa. "Naanza kulia. Bandari iko kulia."

Mtani akarudi mlangoni, akafungua tena, akaanza kulia.

Bi Mkubwa akajifunua uso. Alikuwa analia, wala hakujificha. "Hivyo," alisema. "Hivyo ndivyo."

Kuanzia siku ile alikuwa mtu mwepesi. Sisemi alikuwa mpole. Alizidi kunigongea dari, na sasa alifuatisha na matusi, kwa kuwa alikuwa ameshajua. Lakini alikula vizuri, akawa anacheka peke yake chumbani. Aliniambia kwamba jambo lake limeshakaa sawa, yupo mtu anayemjua na mtu huyo ameahidi. Kilichobaki ni kufa tu, na hilo halina ufundi.

Asichokifikiria yeye, wala sisi, ni kwamba mwenziwe angetangulia. Unga ulipozidi kuwa shida, mtani wetu aliacha maandazi akahamia kwa mwanawe Bububu. Alikuwa akija mara moja moja, kapu tupu mkononi kwa mazoea tu. Halafu akawa haji. Halafu siku moja akaja kijana na baiskeli, akasema amefariki usiku na anazikwa alasiri.

Niliteremka kumwambia Bi Mkubwa. Aliisikiliza habari akiwa amesimama. Akakaa. Nikasubiri alie. Akasema, "Mpumbavu yule. Kaniacha na nani?" Kisha akasimama tena akatafuta buibui lake.

Nilimwambia haiwezekani. Tangu Mapinduzi alikuwa hajavuka hata Darajani. Mimi ndiye mtani wa haki, Mnyamwezi, na ningekwenda kufanya linalotakiwa. Yeye je? Aingie nyumba ya watu wenye msiba, watu wasiomjua, Mwarabu, awachekee maiti wao? Siku zile? Watampiga, na mimi watanipiga kwa kumleta. Mume wangu naye akasema asithubutu.

"Nilimwambia nitamjibu," alisema Bi Mkubwa. "Na wewe sauti yake huna. Hapa hapa uani ulimwigiza mkweo mwenyewe ukashindwa kukohoa."

Tukapanda gari la shamba, la bodi ya mbao, yeye kando ya dirisha akilishika buibui lake kwa vidole viwili na kutazama mashamba kana kwamba yamewekwa pale kwa makosa. Mimi nilikuwa nasoma kila sura ninayoijua.

Nyumba ya msiba ilikuwa nyuma ya barabara, wanawake wamejaa uani. Bi Mkubwa hakutoa salamu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kamba ya nguo, akaiangua kanga ya marehemu iliyokuwa bado inaning'inia pale, akajifunga juu ya buibui. Kapu alilikuta ukutani. Akalitia kichwani, likapinda, akalishika, akaingia katikati ya wale wanawake kwa mwendo wa mtani wetu, ule mwendo wa mtu mwenye magoti mabovu na haraka. "Maandazi," aliita. "Maandazi ya moto. Asiyenunua leo kesho atayaota."

Ilikuwa ni sauti yake hasa. Kilio chote kikakatika, na katika kimya kile mwanamme mmoja akatoka ukumbini, mpana, macho mekundu. Nilimtambua kwa uso wa mama yake.

"Nani huyu Mmanga anayemcheka mama yangu?"

Nikatangulia mbele, nikasema mimi ni Mnyamwezi, mtani wao, na huyu nimekuja naye, naye ni mtani wa marehemu.

"Mtani tangu lini? Sisi na wao tuna utani gani?"

Bi Mkubwa hakuiacha sauti ya marehemu. "Tangu mama yako aliponifundisha. Na alikuwa mwalimu mbaya. Kila siku alikuja kwangu na kapu nusu, nusu keshaila njiani, halafu akamaliza na tende zangu."

Msichana mmoja pale chini akatoa kicheko, akaziba mdomo. Mwingine akamfuata. Ilikuwa kweli, na wao waliijua zaidi yetu. Yule mwanamme akabaki amesimama, hajui afanye nini na mikono yake. Kisha akaitwa ndani, kwa kuwa wakati wa kutoka umefika.

Jeneza likainuliwa. Yule mwanamme akashika mbele. Walipogeuka kuelekea mlangoni, Bi Mkubwa alikuwa ameshaanza kulala kizingitini. Ilimchukua muda, maana hakuwa na mazoea ya kulala chini kwa mtu. Nilimshika mkono akanifukuza, akanilaumu kwamba namvuta, akapiga goti moja, akapiga la pili, akajinyoosha pale na kanga ya Mzaramo na kapu juu ya tumbo. Wanaume wakasimama na mzigo wao mabegani.

"Ondoka, Bibi," alisema mzee mmoja.

"Siondoki." Sasa alisema kwa sauti yake mwenyewe, ya Kiponda, kila herufi mahali pake. "Huyu aliniahidi atanizika, na ametangulia, amevunja ahadi. Sitaki kiti chake, sitaki kanga yake. Mie sina mtu. Hatoki hapa mpaka nipewe mwingine."

Hapo hapakuwa na mchezo tena, na kila mtu aliusikia usemi ule ulivyo. Nilitazama sakafu. Nilitamani niseme mimi, lakini mimi nilikuwa jirani yake tu, na jirani atasema alikuwa mtu mwema.

Yule mwanamme alimtazama kutoka juu, jeneza la mama yake begani, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni na hana mkono wa kuyafuta.

"Mmanga wee," alisema. "Ukifa nitakuja mimi."

"Utanivaa buibui?"

"Nitakuvaa."

Bi Mkubwa alimpima kwa macho, tumbo na mabega, bila ya haraka yoyote. "Halitakutosha."

"Nitalipasua," alisema.

Bi Mkubwa akakunja miguu, jeneza likapita.